Mama Ubao na Watu wa Taswira

Shangazi yangu hana cheo cha kutisha mtu. Kwenye karatasi za Idara ya Maji ni karani wa mapokezi tu, lakini mtaani wote wanamwita Mama Ubao. Kwa miaka kumi na tisa, kila asubuhi, kabla hata hajautua mkoba kutoka begani, anachukua chaki na kuandika kwenye ubao mweusi ulio nje ya lango la idara: wapi maji yatakatika, na saa ngapi.

Habari anapewa na fundi wa valvu, mzee mwenye spana ndefu kama mkono wake, anayepita dirishani kabla ya kwenda kufunga. Fundi haongei kwa ramani. "Dada, leo nafunga kuanzia kwa mshona viatu mpaka kwenye nguzo iliyopinda. Saa nne hadi jioni." Shangazi anaandika vivyo hivyo, na juu yake kwa herufi kubwa: HAKUNA MAJI. Mtu anasoma huku anatembea, anageuza kurudi nyumbani kujaza ndoo. Basi, yameisha.

Mwaka huu idara ikaona kazi hiyo ni kubwa mno kuachiwa mtu mmoja na chaki moja. Ikaajiri kampuni ya nje ije "kusimamia taswira". Nilimuuliza Shangazi taswira ni kitu gani.

"Ni sura yako unavyotaka watu waione," alisema, "hasa kama hujanawa."

Walilipwa kiasi gani sijui. Ninachojua ni kwamba pampu ya pili imeombwa miaka minne mfululizo, na kila mwaka jibu ni kwamba hakuna fungu.

Walikuja watatu, na kompyuta nyembamba na viatu bila soksi. Mkubwa wao, ambaye fundi alimbatiza Bwana Taswira siku hiyohiyo, alisimama mbele ya ubao kama daktari mbele ya kidonda.

"Mama, hili neno 'hakuna' linaumiza."

"Linamuumiza nani, mwanangu?"

"Chapa ya idara."

"Anakaa mtaa gani huyo, nimwambie ajaze ndoo?"

Fundi alicheka mpaka spana ikamponyoka. Bwana Taswira hakucheka. Jioni ubao uling'olewa, ukatupwa nyuma ya tangi. Mahali pake wakaweka bango la mtoto anayechekelea glasi ya maji, mtoto ambaye hakuna aliyewahi kumwona akipanga foleni ya ndoo. Matangazo yote yakahamia kwenye ukurasa wa idara, kwenye simu.

Shangazi akaendelea kuwaambia watu kwa mdomo, pale dirishani. Haikupita wiki akapewa barua: kuanzia Jumatatu anahamia stoo ya mabomba, nje ya mji, "ili kulinda ujumbe mmoja wa taasisi".

Aliisoma mezani mara tatu. "Stoo siyo mbaya," alisema. "Mabomba hayana kelele." Lakini chakula hakukigusa. Baadaye akasema, kama anajisemea mwenyewe, "Sasa watu atawaambia nani?"

Ijumaa, siku yake ya mwisho pale, nilikuwa likizo, nikaenda naye kufungasha vitu vyake. Fundi, kwa kuwa amri ni amri, alipeleka habari zake kwa Bwana Taswira, Shangazi akisikia. Yule akachungulia ramani ya wahandisi, akaandika ukurasani: "Leo Kanda Namba Tatu inanufaika na maboresho ya mtiririko. Asante kwa kutuamini!"

Hizo kanda ziko kwenye ramani ya wahandisi tu. Sijawahi kukutana na mtu aliyeniambia anakaa Kanda Namba Tatu.

Saa nne na nusu, ambayo kwa mkurugenzi ndiyo alfajiri, gari lake liliingia kwa kasi. Alishuka na suti yake, na povu la sabuni limemgandia nyuma ya masikio.

"Nani amenikatia maji?"

"Mkubwa, tulitangaza," Bwana Taswira alisema, akimwonyesha simu. "Watu mia nne wameshapenda."

"Najua! Na mimi nimependa!" Mkurugenzi alifoka. "Kanda Namba Tatu ni wapi?"

Bwana Taswira akamtazama mwenzake. Mwenzake akaitazama ramani, akaigeuza, akaitazama tena.

"Ni kuanzia duka la saruji mpaka kwenye geti jekundu," Shangazi alisema, huku anafunga boksi lake kwa kamba. "Geti jekundu ni la kwako, mkubwa."

Mkurugenzi alimvuta pembeni, ila sauti yake haijui kunong'ona. "Mama, mambo ya stoo tuyaache. Wewe baki hapahapa. Kila asubuhi unitumie ujumbe, mimi na mke wangu. Hao wengine waendelee na ukurasa."

Moyo wangu ulishangilia. Nilijua atasema ndiyo, nani angekataa?

"Mimi sijui kumwandikia mtu mmoja, mkubwa. Ubao ukirudi, mkeo atapita asome kama wenzake. Usiporudi, niruhusu nibebe boksi langu, gari la stoo linaondoka saa sita."

Fundi alikohoa. Mkurugenzi alijipapasa nyuma ya sikio, akaangalia vidole vyake.

"Urudisheni," alisema.

Nilidhani watu wa taswira watafukuzwa. Thubutu! Mkataba wao uliongezwa mwaka mzima, eti kwa "kubuni mawasiliano ya karibu na mwananchi". Kwenye kona ya ubao walichora nembo ya kampuni yao kwa rangi ya bluu, na Jumatatu wakaja na mpiga picha, wapate cha kuweka kwenye ripoti. Shangazi alikuwa ameshaanza kuandika, na nyuma yake watu kama kumi wanasubiri.

"Mama, sogea kidogo, unaziba nembo," mpiga picha alimwambia.

"Subiri," Shangazi alijibu bila kugeuka. "Bado sijaandika saa."