Mbio za Bati na Ulanzi wa Asubuhi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, tumbo langu lilinizidi ukubwa. Usicheke kwanza. Ilikuwa miaka ya sabini, mimi kijana, na kwa mbio zangu hata sungura walikuwa wananiamkia shikamoo.

Kijijini kwetu, barabara ya kwenda Mbeya, tulikuwa tumejenga zahanati kwa mikono yetu. Kuta zimesimama, bati hakuna, na mvua zimeshaanza kula matofali. Tajiri mmoja mwenye duka Iringa mjini akasema, kila atakayetoka kwetu akafika dukani kwake kwa mbio, anatoa bando moja la bati. Paa lilitaka mabando kumi. Tukajitokeza watu kumi. Akipungua mmoja, chumba kimoja kinabaki wazi. Na dada yangu Tumaini alikuwa na mimba kubwa. Ya kwanza iliharibikia njiani, tumembeba kwenye machela kwenda mjini.

Basi alfajiri nikapita kwenye mianzi ya baba. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, umejaa, mtamu bado. Nikasema hii ndiyo nguvu yenyewe. Nikanywa kibuyu kizima. Kikubwa kiasi gani? Ndama angeogelea!

Nikatimua mbio, nikawaacha wenzangu mbali, nataka vijana wa mjini waniimbe. Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Jua likawaka, na ulanzi haujali kama uko kibuyuni au tumboni, wenyewe unachacha tu. Kufika Ipogolo, pale unapoanza mlima wa kupandia mjini, nimeumuka mpaka malori ya Zambia yananipisha. Nikakaa chini. Wenzangu wanane wakanipita wanacheka.

Wa mwisho alikuwa Bibi Semhongole, mkunga wetu, anakuja na mwendo wa kobe aliyeshiba.

"We Kikoti, umekaa hapo unaatamia mayai?"

"Bibi, tumbo. Niache nife."

"Kufa ruhusa, ila baada ya bati. Chumba cha wazazi ndicho cha mwisho kuezekwa. Unataka dada yako azalie kwenye matope?"

"Lakini wenzangu wameshanishinda, Bibi."

"Nani kakwambia tunashindana? Kutangulia si kufika. Inuka!"

Akafungua kanga yake, akanifunga kiunoni, akanikokota kama ng'ombe wa mnada. Nilitapika mlima mzima. Nasikia majani ya pale yanayumba mpaka leo, hata bila upepo.

Tulifika jua linazama. Tajiri alikuwa bado amekaa ngazini, mlango wazi, na wale wanane wamegoma kuondoka. Akaita: "La tisa! La kumi!"

Tumaini alijifungua mtoto wa kike chini ya bati lile, mvua inapiga juu kama ngoma za harusi. Akapewa jina la mkunga. Leo naye ni bibi, na kila akiniona ananiuliza, "Mjomba, yale mayai ya Ipogolo umeshayatotoa?"

Basi mwanangu, ukikimbia kwa ajili ya shida ya watu, usikimbilie kusifiwa. Kimbia ufike. Na ukikaa chini, akija wa kukuvuta, shika kanga, aibu utaifua baadaye. Mungu akupe miguu ya kufika, tumbo lenye kiasi, na mtu wa kukungoja mlango wazi.