Mama Mkwe Aliyetaka Kutunga

Fundi aliyenishonea kanzu zangu alikuwa mama mkwe kwa miaka tisa. Si siri, nusu ya Mombasa ilimwona. Chama chetu cha michezo ya kuigiza pale Kuze hakikuruhusu mwanamke kupanda jukwaani, na hata kingeruhusu hangepatikana wa kupanda, kwa hivyo wanawake wetu wote walikuwa wanaume walionyoa vizuri. Wenye sura za kupendeza walipewa kuwa maarusi. Fundi alikuwa mwembamba, pua ndefu, mashavu yamebonyea, na siku ya kwanza alipojaribishwa buibui, wote tuliokuwepo tuliona mara moja kwamba huyu ni mama wa mtu.

Kazi hiyo aliijua. Aliweza kuingia jukwaani, asiseme neno, akapitisha kidole juu ya meza ya mkwewe, akakitazama kile kidole, na watu wazima wakashika mbavu. Tabia zote hizo alizipata dukani. Ulipokwenda kupimwa mabega, yeye alikuwa anapima na namna unavyokaa, unavyonung'unika, unavyojikuna. Wateja wengine walijiona jukwaani ndani ya buibui, na hawakuwa na la kusema, maana nani angesimama hadharani adai kwamba mama mkwe yule ni yeye? Alikuwa pia na kikohozi kirefu chenye ngazi tatu, alichokiokota dukani vile vile, ambacho watu walikipenda sana. Mimi nilijua kwamba kikohozi kile alikitoa kila aliposahau maneno.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na kazi zisizodumu. Skuli niliiwacha darasa la tatu kwa sababu nilikaa karibu na dirisha. Nilikuwa nimebeba magunia gatini Mbaraki, nimeuza kahawa, nimepaka rangi madirisha ya watu, nimewekwa nilinde ghala nikafukuzwa kwa kufungua kasha ambalo, naapa, nilitaka tu kujua lina nini. Dukani kwa fundi nilikwenda kutiliwa kiraka, nikakaa miaka miwili.

"Weye huna kazi?" alikuwa akiniuliza, sindano mdomoni.

"Ninayo. Naitafuta."

"Basi itafute nje, unanizibia mwanga."

Lakini hakunifukuza, kwa sababu nilikuwa na kitu alichokihitaji. Nilikuwa na sikio. Wimbo nikiusikia mara moja ulikaa. Na fundi, chini ya vitambaa vya wateja, alikuwa na daftari la beti ambalo hakumwonyesha mtu ila mimi, na mimi alinionyesha kwa kuwa hakuna aliyeniamini nikisema lolote.

Mwaka ule, vita vikiendelea huko duniani na sisi tumekatazwa kuwasha taa za nje, mzee aliyekuwa akitutungia nyimbo alihamia Lamu kwa wanawe. Fundi akaenda kwa kamati kuomba nafasi yake. Alivaa kanzu mpya na kofia aliyoishona kwa mwezi mzima. Alipomaliza kusema, kamati ilicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walidhani anaigiza.

Mwenyekiti wetu, karani mstaafu wa forodha, mtu wa haki, alifuta machozi ya kicheko akasema, "Fundi, nyimbo zataka mtu mzito. Weye watu wakikuona wanacheka kabla hujafungua kinywa."

"Basi nijaribuni kwa wimbo mmoja. Mchezo wa Idi."

Wakakubaliana. Wimbo mmoja, wa mama mkwe, mwisho wa mchezo. Ukipokewa, nyimbo zote za chama ni zake tangu siku hiyo. Usipopokewa, ataitwa mtunzi kutoka Tanga, na fundi atabaki na buibui lake wala hatalitaja tena jambo hilo. Nilimwona akitoka pale kama mtu aliyepewa siku ya arusi.

Maneno alikuwa nayo. Alichokuwa hana ni sauti ya kuyavika. Siku hizo kila chama kilichukua sauti kwenye filamu za Kihindi; sahani za santuri zilikuwa adimu kwa sababu ya vita, kwa hivyo wimbo uliibwa kwa masikio. Sisi tulikuwa na utaratibu wetu. Tulikwenda sinema watu watatu, fundi, mpiga kinanda, na mimi, tukakaa mabenchi ya mbele kabisa. Fundi aliubeba ubeti. Mpiga kinanda aliubeba muziki wa katikati. Mimi nilikibeba kiitikio. Na ili mizigo isichanganyike, kila mmoja alitia vidole masikioni wakati wa sehemu za wenziwe. Waliokaa nyuma yetu waliona wanaume watatu wakiziba na kuzibua masikio kwa zamu huku mwanamke mzuri analia kwenye kitambaa cheupe, na wengine walihama benchi.

Wimbo ulipokwisha tulitoka mbio, filamu ikiwa nusu, kabla wimbo mwingine haujaja kuufuta wa kwanza. Tukaachana mlangoni, kila mtu na njia yake, ili tusisikilizane. Mkutano ni dukani kwa fundi. Ilikuwa siku ya mwisho ya filamu ile. Kesho yake ilikuwa inapakiwa kupelekwa Nairobi.

Sasa, fundi alikuwa amefikiria kila kitu ila mimi kupita Kuze wakati wa alasiri.

Nilishika kichochoro nikivuma kiitikio changu mdomo umefungwa. Baraza ya kwanza alikaa rafiki ya marehemu baba yangu.

"Masalkheri, mwanangu."

Nikainamisha kichwa, nikivuma.

"Nasema masalkheri!"

Nikaweka mkono kifuani kwa heshima zote, nikivuma.

"Amekuwa bubu huyu?" akamuuliza aliyekaa naye. "Au wendao sinema hawasalimu watu siku hizi?"

Ningefanya nini? Yule mzee alibeba jeneza la baba yangu. Nikasimama. "Masalkheri, ami. Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Mamako na mguu wake? Na yule ndugu yako wa Malindi, amepata mtoto? Wa kiume? Mumempa jina gani?"

Nilijibu moja moja. Kiitikio bado kilikuwepo, ila kimechakaa. Baraza ya pili waliniuliza habari za mguu tena, maana walikuwa hawajasikia vizuri. Kwenye baraza ya tatu alikaa mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, ambaye hasalimiwi kwa haraka. Nilipobusu mkono wake nikainuka, kichwani mwangu palikuwa kimya kama msikitini saa nne asubuhi.

Dukani nilikuta wenzangu wamefika. Mpiga kinanda alishatia muziki wake vidoleni. Fundi aliimba ubeti, macho yamefumbwa, vizuri kabisa. Kisha wakanigeukia wote wawili.

Nilimtazama fundi usoni. Nikafungua mdomo nikitumai kitatoka chenyewe. Kilichotoka ni ule mwito wa makuli wa Mbaraki, wa kuinulia mizigo mizito: sauti inapanda hatua tatu, inangoja, kisha inaanguka kwa kishindo pamoja na mzigo. Niliupunguza mwendo. Niliulegeza shingo, nikautetemesha mwisho, nikaulilisha kama yule mwanamke wa kwenye filamu.

Mpiga kinanda aliinua nyusi. "Wahindi hawa wana mambo."

"Umekishika vyema?" fundi akaniuliza.

"Kama kilivyokuja."

Huo haukuwa uongo, lakini usingizi niliukosa kwa wiki mbili. Kila mazoezi nilisema leo nitamwambia. Kila mazoezi nilimkuta anakata maneno kwa ile sauti kwa uangalifu aliokatia joho la arusi, nikanyamaza. Alikitungia kiitikio hiki: "Mama anakwenda leo?" na watu wajibu, "Haendi, haendi bado!"

Siku ya Idi mchezo ulianza baada ya sala ya alasiri, ili watu wawahi majumbani kabla ya giza. Ukumbi ulijaa. Wanawake walikaa nyuma ya pazia lao upande wa kushoto. Mabenchi ya nyuma yalijaa makuli waliokuja na nguo zao za sikukuu, na ambao kwa kawaida yao huzungumza tangu mwanzo wa mchezo hadi mwisho. Mimi nilisimama ubavuni mwa jukwaa, mwenye kushika kamba ya pazia.

Fundi aliingia na sanduku la bati kichwani, watu wakaanza kucheka. Akalitua. Akaimba.

*Nilikuja siku tatu, mwezi wa saba waisha,*
*Mkwe wangu hathubutu, sanduku kunibebesha.*

Wakacheka zaidi. Mwenyekiti, kiti cha mbele, hakucheka, alikuwa anasikiliza. Kisha kikaja kiitikio, na huko nyuma mazungumzo yakakatika. Niliona kichwa kimoja kikiinuka, kisha cha pili. Fundi alipouliza mara ya pili kama mama anakwenda leo, benchi zima la nyuma lilijibu "Haendi!" na kwenye kile kishindo miguu yao yote ikapiga sakafu kwa pamoja, kama kasha limetua gatini. Vumbi lilianguka kutoka dari. Mara ya tatu ukumbi mzima uliitikia, na nyuma ya pazia wanawake walipiga vigelegele. Mpiga kinanda alinitazama. Alikuwa amepanga nyumba Mbaraki. Alinitazama muda mrefu, mikono ikiendelea kupiga.

Wimbo ulirudiwa mara nne. Fundi alikohoa kila mara kabla ya kuanza, kwa furaha tu.

Kamati ilikutana asubuhi ya pili. Fundi aliniambia nifuatane naye, nikakaa mlangoni na viatu.

Mwenyekiti alianza kwa kusema kwamba wimbo umepokewa, hilo hakuna wa kulikana. Kisha akamgeukia mjumbe mmoja, Muhindi muuza vitambaa aliyetupa mapazia yetu yote, mtu ambaye hakukosa filamu hata moja. "Bwana mkubwa, wewe wasemaje?"

"Ubeti naujua," akasema yule muuza vitambaa. "Filamu ile nimeiona mara nne. Maneno ni yake, sauti ni ya filamu, hapana ubaya, kila chama kinafanya. Lakini kile kiitikio hakimo. Hakimo kabisa. Nimekaa jana na mke wangu tukaimba wimbo wote, hakimo. Kile ni kitu kipya. Fundi, umekitunga wewe?"

Fundi aligeuza kichwa polepole, akanitazama pale kwenye viatu. Nilikuwa nimeshika ndara ya mtu nikiikagua kwa makini makubwa. Nadhani usoni mwangu alisoma yote, sinema mpaka baraza ya tatu, maana kusoma watu ilikuwa ndiyo kazi yake.

Akakohoa. Ngazi tatu, bila kupunguza hata moja.

"Alhamdulillahi," akasema, akainamisha kichwa.

Wakasema mashaallah, tazameni unyenyekevu wa mtu. Mwenyekiti akatangaza kwamba nyimbo za chama ni zake, kwa sharti moja, kwamba aziimbe mwenyewe na buibui lile lile, kwani watu sasa hawatakubali mwingine. Wakampa mkono mmoja mmoja.

Tulitoka. Tukapita msikiti na duka la mkate. Nilingoja nipigwe. Mwishowe akasimama ukutani penye kivuli.

"Ulikipata wapi?"

"Mbaraki. Ni mwito wa makuli. Cha filamu kilinipotea kwa salamu, fundi. Nilikuwa nimekishika, wallahi, mpaka kwa mwalimu."

"Mpaka kwa mwalimu," akasema.

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alivua kofia yake akaitazama ndani kama anatafuta mshono uliofumuka. "Wamenipa nyimbo," akasema. "Wamenipa kwa kiitikio. Kile cha makuli, na sauti ya filamu, na kikohozi cha wateja wangu. Umesikia mtu hata mmoja akisema neno juu ya beti?"

Sikusikia. Nilijaribu kukumbuka, nikitamani awepo hata mmoja, na hakuwepo. Nilikuwa na maneno mengi ya kumtuliza, kwani mvivu hakosi maneno, lakini yote yalikuwa mepesi, naye angeyajua. Basi nikafanya kitu pekee nilichokuwa nacho. Nikaanza kumsomea beti zake kwa kichwa. Wa kwanza, wa pili, bila sauti ya filamu, maneno matupu kama yalivyokaa daftarini. Nilipofika wa tatu, ule ambao ukumbini ulimezwa na miguu ya watu waliokuwa wanangoja kupiga kishindo, nilipunguza mwendo:

*Kwangu chumba ni kimoja, na kandili haina kazi,*
*Hapana wa kumngoja, sipiki tena mchuzi.*

"Taa," akasema fundi.

"Nini?"

"Na taa haina kazi. Si kandili. Umenizidishia mizani." Akanihesabia kwa vidole, mkono mbele ya pua yangu, nane, na cha tisa akakikunja kwa hasira. "Mtu akiubeba ubeti wangu aubebe sawasawa."

"Samahani, fundi."

"Beti zote saba umeziweka kichwani?"

"Zote."

Akavaa kofia yake. Mtu mmoja akapita akampongeza kwa kiitikio, naye akashukuru vizuri, akauliza habari za nyumbani, akangoja mpaka yule akaishia kwenye kona.

"Anza tena," akaniambia. "Tangu mwanzo."

Nikaanza tena tangu siku tatu na mwezi wa saba, naye akatangulia kidogo, mikono nyuma, vidole vikinihesabia mizani.