Matofali ya Shangazi

Mimi ndiye niliyemwomba shangazi matofali yake. Nasema hivi mapema ili mtu asije akanitafutia visingizio.

Alikuwa mjane, akiishi kwenye kijumba cha udongo chini ya shamba letu la kahawa huku Iyula. Alifyatua matofali misimu miwili ili ajenge nyumba ya bati, na kila tofali bichi alilibonyeza kwa kidole gumba kabla ya kulichoma. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa shule. Binti yangu na wenzake wa darasa la kwanza walikuwa wanavuka mto kwenda kusoma kijiji cha pili, na mvua zikianza mto ule hauna mchezo. Ofisa mmoja wa serikali akaja mkutanoni.

"Ninyi pandisheni boma, kuta tu, mpaka lenta," akasema. "Kuezeka tuachieni sisi."

Tukapagawa. Tulitaka kuiwahi bajeti, basi tukajenga kwa tope, saruji tukaitumia kwenye lenta tu, ule mkanda wa zege juu ya milango. Matofali yakapungua upande wa mlangoni.

"Shangazi, tuazime," nikamwambia. "Wakishaezeka, kijiji kitakufyatulia mengine."

"Chukua, mwanangu. Nitalala humu humu mwaka mmoja zaidi."

Boma likafika lenta. Mwaka ule tukaambiwa makusanyo hayakufikia lengo. Uliofuata, fedha kutoka juu hazijashuka. Wa tatu hawakutuambia kitu. Ushuru wa kahawa tuliendelea kukatwa, huo haukukosa hata msimu mmoja. Siku moja nilishuka Tunduma mpakani nikakuta malori yamepanga foleni tangu Mpemba, kila moja na kodi yake, nikashikwa na hasira mpaka nikataka kulia.

Kijiji nacho kilichoka. Nani amfyatulie mtu matofali ya darasa lisilo na bati? Shangazi hakunilaumu. Tukikutana njiani aliuliza tu, "Bado?" Nami nilimjibu, "Bado, shangazi." Nikaanza kupita njia ya juu ili nisikutane naye. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Mwaka wa nne akaletwa mhandisi. Alikwangua ukuta kwa ufunguo wa pikipiki, tope likamwagika. Akasema mvua imeshalila boma, halibebi paa, tubomoe tuanze upya. Nilipouliza habari za bati, akasema labda bajeti ijayo.

Mvua za mwaka huo huo shangazi akafariki kwa kifua, ndani ya kijumba kile chenye unyevu. Kaburi huku kwetu tunalijengea matofali. Wazee walipouliza yatatoka wapi, nilichukua sururu nikaenda bomani. Nilitafuta yenye alama ya kidole. Mengi yalivunjika mkononi, lakini mazima yalitosha kaburi, yakabaki machache. Mjumbe mmoja wa kamati akauliza kama tuyarudishe shuleni. Nikamwambia ayaache hapo hapo.

Binti yangu hakuwahi maziko. Yuko darasa la nne sasa, bado kule ng'ambo, na siku ile mto ulikuwa umejaa.