Fimbo Iliyokataliwa Igoma

Jumamosi nilikwenda Igoma kutazama wanafunzi wa sekondari wakicheza besiboli. Kabla ya mchezo, mwamuzi alikagua fimbo za kupigia mpira. Moja aliigeuza mara mbili, akapitisha kidole gumba kwenye ufa mwembamba, kisha akamwendea fundi seremala aliyeichonga.

"Shikamoo, mzee. Hii siwezi kuiruhusu. Ikivunjika itaumiza mtu."

"Marahaba. Nilimchongea binti yangu," fundi alisema taratibu. Akaipokea, akaifunika kwa koti lake.

Binti alicheza kwa fimbo ya kuazima, akapiga vizuri. Baba yake alishangilia kuliko sisi wote.

Utotoni, kule Mirongo, tulipigia tawi la mpera, wala hapakuwa na mkaguzi. Siku zile nazikumbuka kwa hamu, ingawa jino langu la mbele lilibaki hukohuko.