Shuka za Msusi

Tangu aolewe, haikupita siku bila mama mkwe kumkata maini. Alimwita Msusi, kwa kazi yake, na neno hilo alilitamka kama anayetema kokwa. Kisa ni shuka. Shuka nyeupe za Msusi zilitoka kambani zimefifia, rangi ya jivu, na za mama mkwe, kamba hiyohiyo, sabuni hiyohiyo, ziling'aa zikiumiza macho.

"Wa kwanza alikuwa hivihivi," mama mkwe alisema mezani. "Uchafu uko damuni. Tukamrudisha kwao. Na huyu, mwezi ukiisha shuka hazijatakata, afungashe virago."

Wa kwanza alikuwa mke wa mumewe kabla yake, na mtaa mzima uliambiwa alifukuzwa kwa uchafu. Mume, mtu mzima na masharubu yake, alitafuna tu kama anayesikiliza taarifa ya habari.

Msusi akafua mpaka vidole vikachubuka. Mche mzima wa sabuni uliishia kwenye shuka mbili, povu hakuna, juu ya beseni umetanda utando wa kijivu unaonata. Birika nalo lilishika ukoko mweupe kwa ndani. Aliukwangua kwa kisu, wiki ya pili ukarudi, na huo pia ukaitwa uchafu wake.

Lakini huyu alikuwa ameosha vichwa vya watu miaka tisa. Saluni yao ilitumia maji ya mto, na kijiko cha shampuu kilitosha kichwa kizima. Siku alipoosha nywele zake nyumbani, kwa maji ya kisima cha kuchimba, shampuu ikagoma na nywele zikakakamaa. Machale yakamcheza. Akakumbuka pipa la mama mkwe, lile linalokinga maji ya paa, lenye kufuli. Eti maji ya kunywa, kwa sababu ya tumbo lake bovu. Mbona kufuli lilisikika likifunguliwa kila siku ya kufua?

Jumamosi asubuhi mvua ikanyesha. Msusi akakinga sufuria uani, kisha akaweka chupa mbili mezani mbele ya mume na mama yake: moja maji ya mvua, moja ya kisima. Akatia kila moja kipande cha sabuni sawa na ukucha, akatikisa. Ya mvua ikajaa povu hadi shingoni. Ya kisima ikawa kama maziwa yaliyokatika.

"Maji ya kisima yana chokaa," alisema. "Chokaa inaimaliza sabuni kabla haijagusa uchafu, na huo utando unabaki kwenye shuka. Ukitangulia kutia magadi kidogo, yanalainika. Na birika ni hivi." Akamimina siki ndani, ukoko ukachemka na kumomonyoka. "Mama anajua yote haya. Ndiyo maana pipa lina kufuli."

Mama mkwe alimtazama kwa macho makavu. "Mimi nilifua kwa maji hayo miaka saba nikitukanwa. Nani aliniambia? Nilijua mwenyewe."

"Na yule wa kwanza?" mume aliuliza.

"Hakuuliza."

Mume akaishika chupa ya kisima, akaigeuzageuza, akamkazia mama yake macho kama mtu aliyeibiwa. Msusi alikuwa amengoja siku hii kwa hamu, akidhani atafurahi. Badala yake akachukizwa, na chuki yenyewe haikwenda kwa mama mkwe.

"Usimtazame mama hivyo," alimwambia mumewe. "Wewe umezaliwa humu. Umewahi kufua hata soksi?"

Msusi akaingia chumbani, akavua shuka kitandani, akazibwaga miguuni pa mume pamoja na kipande cha sabuni kilichobaki. Akachukua mkoba wake wa kazini.

"Bomba la kisima lile pale," alisema. "Na pipa usiliguse."