Mkubwa Hukaa Nyuma

Wageni wa hoteli hapa Kamembe hucheka wakiambiwa kwamba Kivu ina mawimbi. Ziwa tu, wanasema. Basi wasimame juu ya ubao, upepo wa mchana uwapige mgongoni, tuone nani atacheka. Siku hizi siwaambii kitu. Kazi ile niliiacha.

Aliyenifundisha kusoma mawimbi ni kaka yangu, na kaka yangu alikufa maji. Tulikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, tukarudi huku tukiwa watu wazima, hoteli ikatupa kazi ya kutunza mbao zake, zile za kujazwa upepo kwa pampu, ambazo mtu husimama juu yake na kasia moja refu. Siku zetu za mapumziko tulizikunja mbao mbili, tukapanda pikipiki mbili hadi mbali upande wa kaskazini, tukazijaza ufukweni, tukarudi nyumbani na upepo nyuma yetu.

Kusoma wimbi si kulikodolea macho. Mjinga hutazama kilima cha maji kinachomjia kwa nyuma; anaogopa, anageuka, anaanguka. Wewe tazama bonde lililo mbele yako. Pua ya ubao ikianza kuinama, piga kasia mara tatu kwa nguvu, kisha tulia ubebwe. Wimbi likikupita, usilifukuze. Tafuta bonde jingine, hata likiwa pembeni. Kulijua hilo kulinigharimu viangazi viwili na matusi mengi ya kaka.

"Wee angalia mbele tu," alikuwa akiniambia. "Nyuma ni yangu. Muntu wa mbele hageukake."

Hiyo ni sheria ya mtumbwi wetu. Mkubwa hukaa nyuma, anashika mwelekeo, anawaona wote. Mdogo hupiga kasia mbele na hageuki, maana akigeuka mtumbwi unayumba. Ni sheria nzuri, kwa mtumbwi. Sisi tuliichukua ilivyo tukaipeleka kwenye mbao mbili, kila mtu peke yake juu ya wake, na hakuna aliyeuliza aliye nyuma anaonwa na nani. Mpaka leo nikifikiria hilo najikasirikia, naye namkasirikia.

Siku ile upepo ulikuwa mkali. Kaka alikuwa akikohoa tangu asubuhi, nikamwambia tuache; akaniita mwoga. Aliusukuma ubao wangu majini, akapanda wake. Mwanzoni nilimsikia akipaza sauti, "Sasa! Sasa!" kila bonde lilipofunguka. Halafu mabonde yakafuatana, nikatoka hili nikaingia lile bila kupumzika, na nilifurahi. Nasema wazi: nilifurahi kuliko siku zote za maisha yangu. Sauti yake ilikoma lini, sijui. Nilidhani ni upepo.

Nilipokanyaga mchanga ndipo nikatazama ziwani. Palikuwa na povu tu. Nikapanda tena ubao, nikapiga kasia nikiwa nimepiga magoti, lakini upepo ule ule ulionileta ulinirudisha ufukweni, mara tatu. Wavuvi walitoka na mtumbwi wa injini wakaukuta ubao wake, kamba inayoufunga mguu wa mtu kwenye ubao imekatika. Yeye mwenyewe alionekana siku ya tatu.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia, tena neno kwa neno, na miguu yangu ni mizima.

Siku ya kilio mama alikuwa amekaa juu ya mkeka katikati ya wanawake. Aliniita, nikapiga magoti mbele yake. Hakuwa na hasira. Alitaka tu kujua mahali, apate pa kuelekeza macho akilitazama ziwa.

"Ulimuona fasi gani mara ya mwisho?"

Nilitamani kudanganya, nimtajie hata kisiwa kimoja.

"Sikumuona, maman. Niliona maji tu."

"Njia yote ile? Hata mara moja?"

"Hata mara moja."