Shamba la Mama Zuhura Halikuwa Tupu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimevaa viatu vya kanisani. Bwana Msimamizi alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Kijana, leo unaenda harusi ama unaenda kwa miwa?"

Nikavitazama viatu vyangu. Akamgeukia dereva. "Huyu haongeangi?"

"Labda ataongea baadaye," dereva akasema.

"Basi ni sawa. Utepe wa kupimia hautaki maneno."

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee wenye mvi. Mimi sijafika miaka thelathini, na elimu yangu ni ya darasa la nane. Lakini kazi niliyoifanya imefutwa, na ninyi mnaokuja nyuma mtaambiwa kwamba haikuwa na maana. Ndiyo sababu naandika, ingawa naandika polepole.

Tulikuwa ofisi ya kilimo, Kakamega. Kwa miaka miwili nilishika utepe wa kupimia, kisha nikaandikwa karani wa shamba. Karani wa shamba alikwenda kwa kila mkulima wa miwa, akapima shamba, akaandika umri wa miwa na kutia sahihi. Orodha yetu ndiyo iliyoamua nani apate mbolea ya ruzuku. Nilianza upande wa Mumias, nikahamishiwa Ekero.

Bwana Msimamizi alinifundisha jambo moja kubwa kuliko mengine. Muwa ukikatwa, kisiki hubaki ardhini na kuchipua tena. Zao hilo la pili tunaliita ratuni. Mkulima hupanga majani makavu kwa mistari katikati ya visiki, na kwa wiki kadhaa shamba huonekana kama uwanja uliotelekezwa.

"Usiandike ukiwa umesimama," aliniambia. "Inama, fukua kisiki. Ukiona jicho jeupe, hapo kuna miwa."

Jicho ni chipukizi likianza. Huo ndio wakati ratuni hutaka mbolea. Ukiupitisha, utavuna vijiti.

Kisha tukaletewa Mkurugenzi mpya. Siku moja alitukusanya ukumbini tumsikilize mgeni kutoka Nairobi aliyekuja kueleza sera mbili za serikali. Ya kwanza ilikuwa akili unde katika ofisi za umma. Setelaiti itapiga picha za mashamba kutoka angani, akasema, na kompyuta itazisoma picha hizo na kuamua yenyewe ni shamba lipi lina miwa. Makarani wa shamba wataachiliwa mwisho wa mwezi.

Akafungua ukurasa wa sera ya pili. Nchi yetu nayo ijitayarishe kupeleka mtu wake angani. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa nini apelekwe mtu, na mashine zipo.

Mgeni akatabasamu. "Mashine inaona, lakini haielewi inachokiona. Pale juu panahitaji mtu."

Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, na hilo linaniuma hadi leo. Makofi yalikuwa yamekwisha ndipo nikaelewa tulichoambiwa. Juu panahitaji mtu. Ekero hapahitaji.

Orodha ya kwanza ya mashine ilitoka kabla hatujaondoka. Mama Zuhura, mjane wa Ekero ambaye shamba lake nililipima mara nne, alinyimwa mbolea. Mbele ya jina lake palikuwa pameandikwa "shamba tupu". Miwa yake ilikuwa na wiki tatu tu tangu ikatwe. Alikuja ofisini na kipande cha kisiki ndani ya mfuko.

"Asalamu aleikum, mwanangu. Wamesema sina miwa. Sasa hii nimebeba ni muhogo?"

Nikamwitikia salamu, nikaingia kwa Mkurugenzi. Nilikuwa sijawahi kumsemesha.

"Bwana, hiyo ni ratuni. Haijatokeza tu."

"Wewe umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la nane, bwana."

"Na unataka kusahihisha setelaiti." Hakuinua macho. "Hiyo mashine haikosangi. Kama mama analalamika, kuna fomu ya rufaa."

Fomu ya rufaa ilitaka sahihi ya karani wa shamba. Ilikuwa siku yetu ya mwisho. Nilichukua bodaboda hadi Ekero, nikapima, nikainama na kufukua visiki ishirini. Kumi na tisa vilikuwa na jicho. Nikatia sahihi na kuirudisha fomu kabla ofisi haijafungwa.

Wiki iliyofuata jibu liliingia kwenye simu ya Mama Zuhura. Alinipigia, akanisomea: rufaa imekataliwa, karani aliyetia sahihi hayumo katika mfumo. Walikuwa wametufuta saa sita mchana siku ile ile, nami nilikuwa bado nimepiga magoti shambani.

"Kwa hivyo hata wewe haukuwa hapa?" akaniuliza. "Na chai niliyokupikia siku ile, nilimpikia nani?"

Tulicheka kidogo. Hana zao lingine. Mvua zimeshaanza, na zimebaki siku chache tu kabla mbolea haijapoteza faida.

Watu wakistaafu hufuga kuku. Bwana Msimamizi anafuga. Mimi kila asubuhi natoka nyumbani Amalemba kwa miguu hadi dirisha la ofisi yetu ya zamani. Dada anayekaa hapo amenizoea.

"Umerudi, kaka?"

"Nimerudi. Shamba la Mama Zuhura, Ekero. Lina miwa. Imeshafika kwenye kifundo cha mguu."

Anabonyeza kompyuta, anasoma. "Mfumo unasema ni tupu."

"Basi niitie mtu."

"Mtu gani?"

"Yeyote mwenye miguu ya kufika shambani," nasema. Leo nilisema kwa sauti, hata waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakasikia, nami sikuondoka dirishani.